Mburo kwa fimbo na hema: ratiba ni ya kiboko

Mtu wa Kampala anayetaka kulala kwenye hema wikendi na kutia ndoana majini hana haja ya kwenda mbali kuliko Ziwa Mburo. Ni kilomita 230 hivi, lami karibu njia nzima, na hifadhi yenyewe ni ndogo, kama kilomita za mraba 370, kwa hiyo humalizi mafuta kuzunguka. Hakuna tembo, na pale unaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli ukiwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Kuvua pia kunaruhusiwa, mahali pamoja palipotengwa.

Hata hivyo wapo wanaorudi wamenuna. Hawakupata samaki, hawakulala, nyani na tumbili wamekula mkate wao. Karibu kila mara chanzo ni kilekile: walifika na ratiba ya mjini. Ufuo wa Mburo una mwenyewe, na mwenyewe ni kiboko. Saa ya kuvua, mahali pa hema, mahali pa kusimama, hata njia ya kwenda chooni usiku, vyote vinaamuliwa na mwendo wa kiboko. Ukilikubali hilo kabla ya kufunga mizigo, mengine ni kazi ya mikono tu.

Tuanze na hesabu ya muda, maana hapo ndipo pesa hupotea. Tiketi ya kuingia hifadhini huhesabiwa saa 24 tangu unapopita getini. Ukiingia saa nne asubuhi, kesho yake saa nne unatakiwa uwe umetoka, na saa nne ndiyo kwanza unamaliza kuvua. Ingia saa nane au saa tisa mchana: unapata jioni ya kusimamisha hema bila haraka, unalala, unavua asubuhi, unapika, unatoka. Kwa hiyo ondoka Kampala saa mbili asubuhi. Foleni ya Busega na Kyengera itakula sehemu yake, Lukaya utataka kusimama kwa gonja (ndizi za kuchoma) na nyama choma, na Masaka ni mahali pazuri pa kununua barafu. Msimu wa mvua ulizia hali ya barabara kabla ya kutoka. Mei 2023 mafuriko ya Mto Katonga yalikata barabara ya Masaka kabisa, na magari yakalazimika kuzungukia Sembabule.

Baada ya Lyantonde una njia mbili. Ya kwanza inakata kushoto kuelekea geti la Nshara, kama kilomita 8 za vumbi. Ya pili iko mbele, mji wa Sanga, kama kilomita 13 mpaka kambi ya Rwonyo. Ya Nshara inakupitisha kwenye punda milia na swala pala tangu mwanzo, na kwa anayefika mara ya kwanza ndiyo bora. Usitegemee noti getini. Weka pesa kwenye simu au uwe na kadi ya benki, na chaji simu njiani, kwa sababu mtandao unaweza kusuasua pale unapouhitaji zaidi.

Kiingilio, malipo ya gari, malipo ya kupiga kambi na kibali cha kuvua ni vitu vinne tofauti. Usipotaja uvuvi, hutapewa kibali cha uvuvi. Kinatolewa na Mamlaka ya Wanyamapori Uganda, UWA, na sehemu iliyotengwa kwa wageni kuvua inaitwa Mazinga. Vifaa unakuja navyo mwenyewe. Hifadhi haikodishi fimbo. Kisha muulize askari wa zamu, kwa adabu yake: "Afande, Mazinga leo viboko wamekaa upande gani?" Swali hilo moja lina faida kuliko ndoana mia, kwa sababu yeye amepita pale asubuhi na wewe hukupita.

Sasa vifaa. Kosa la kwanza ni kuja na zana za sangara. Sangara ni wa Ziwa Victoria, na ni wa Nile pale chini ya maporomoko ya Murchison, ambako watu huvua kwa mshipi mnene na samaki bandia wa urefu wa kiganja. Mburo ni ziwa la kina kifupi, matope chini, mafunjo pembeni, na samaki wake wengi ni ngege, ambao wasomaji wa Tanzania wanawaita sato. Ngege anakula mwani, vijidudu na mabaki laini. Hamfukuzi samaki bandia anayemeremeta. Anaweza kumpita kama hakumwona. Mdomo wake ni mdogo, na ndoana ya sangara haingii.

Chukua fimbo ndefu, mita tatu au zaidi. Urefu huo ni wa usalama kabla ya kuwa wa uvuvi: unakuwezesha kusimama hatua nne au tano nyuma ya ukingo na bado chambo kikafika kwenye maji. Mshipi wa nguvu ya kilo 4 au 5 unatosha. Ndoana za ngege ni namba 8 na namba 6. Kumbuka kwamba kwenye namba hizi, namba ikipanda ndoana inapungua ukubwa. Beba angalau 20, kwa sababu mafunjo yatakula nyingine. Chubwi ndogo ndogo za kubana, yaani vizito vya mshipi, chelezo chembamba cha kuelea kikisimama wima, koleo yenye mdomo mrefu, na wavu wa mkono wenye mpini wa mita mbili. Wavu huo watu huuacha nyumbani kwa kuona ni mzigo, kisha wanajikuta wameinama ukingoni mwa maji wakimshika ngege kwa mikono. Kwenye ziwa lenye mamba hakuna samaki mwenye thamani ya kuinama namna hiyo.

Kupima kina ni hatua inayorukwa na wengi, nayo ndiyo inayomtofautisha anayepata na anayekaa bure. Bana chubwi nzito kwenye ndoana tupu, kisha tupa. Chelezo kikizama chote, maji ni marefu kuliko ulivyopanga. Kisogeze juu kwenye mshipi. Kikilala ubavu, umezidisha, kishushe. Endelea mpaka ncha tu ichomoze. Hapo unajua chini ni wapi. Ondoa chubwi nzito, weka ndogo mbili au tatu kiasi cha robo mita juu ya ndoana, na ushushe chelezo kwa shubiri moja ili chambo kining'inie juu kidogo ya matope. Chambo kikilala ndani ya matope, ngege hakioni, na wewe utasema ziwa halina samaki.

Chambo kizuri kuliko vyote ni nyungunyungu, lakini usichimbe hifadhini. Wachimbe nyumbani, waweke kwenye kopo lenye udongo mbichi na mfuniko uliotobolewa, na kopo likae kivulini ndani ya gari. Joto la bodi ya gari kwenye jua la Lyantonde linawaua kwa muda mfupi, na nyungunyungu aliyeoza hafai kitu.

Cha pili ni donge la unga, na hili ukilifanya vizuri linashindana na nyungunyungu. Kikombe kimoja cha unga wa posho, yaani wa mahindi, nusu kikombe cha unga wa ngano, chumvi kidogo. Mimina maji ya moto kidogo kidogo, jumla kama nusu kikombe, huku ukikanda. Unga wa ngano ndio unaoshika. Posho peke yake inamumunyuka ikigusa maji. Kanda dakika tano mpaka lisinate mikononi, lifunge kwenye kitambaa kibichi. Lijaribu kabla hujaondoka: tupa kidonge kwenye glasi ya maji. Kikisambaa kabla ya dakika kumi, ongeza ngano. Kikibaki kigumu kama kokoto, ndoana haitapenya kutoka ndani yake samaki akivuta, ongeza maji. Ukubwa wa kidonge ni punje moja ya njegere, ncha ya ndoana ikichungulia kidogo. Wapo wanaotupa pumba majini kuita samaki. Kulisha wanyama hifadhini ni kosa, na pumba hizo haziiti ngege peke yao.

Saa ya kuvua: kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nne, na tena kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu jioni. Wavuvi wa maziwa mengine watashangaa, maana wamezoea kwamba alfajiri ndiyo yenyewe. Mburo alfajiri si yako. Viboko hutoka majini giza likiingia, wanakula majani usiku kucha, na wanarudi majini kunapopambazuka. Anayesimama ukingoni saa kumi na mbili asubuhi amesimama kati ya kiboko na maji yake, na hapo ndipo watu huumia. Subiri jua lipande, hesabu vichwa majini, kisha ndiyo ushuke.

Jifunze kusoma njia yake. Njia ya kiboko haifanani na njia ya ng'ombe au ya mtu. Ina mifereji miwili sambamba, na katikati kuna tuta jembamba lenye majani, kwa sababu miguu yake ya kulia na ya kushoto imeachana sana na kila mmoja unachimba mfereji wake. Pembeni utaona vichaka vimetapakaa kinyesi mpaka usawa wa goti, maana anakisambaza kwa mkia. Majani ya karibu yamekatwa chini kabisa, sawasawa, kama uwanja wa mpira uliofyekwa. Ukiona mifereji, usisimame hapo kuvua hata kama hakuna mafunjo na pananyooka vizuri kwa kutupa mshipi. Hakuna mafunjo kwa sababu yeye anapita.

Ngege akigusa, chelezo hakizami ghafla. Kinatikisika, kinatulia, halafu kinaanza kutembea pembeni polepole au kinalala. Mikwaruzo ile ya haraka haraka inayokunyang'anya chambo kila dakika ni nkejje, samaki wadogo, na dawa yake ni kidonge kikubwa kidogo au kuhama mita chache. Chelezo kikitembea, inua fimbo taratibu, usikurupuke. Mdomo wa ngege ni laini na ukivuta kwa nguvu unauchana. Akishikwa atageuza ubavu na kukimbilia mafunjo. Elekeza fimbo upande wa maji wazi, umzungushe, umlete juu ya wavu. Kumshika, anza kichwani ukipeleka kiganja nyuma, ili miiba ya mgongoni ilale. Ukimshika kinyume utachomwa, na jeraha la mwiba wa ngege linauma siku mbili tatu.

Kipimo kinachojulikana Uganda kwa ngege ni inchi 11, yaani sentimita 28. Chora alama hiyo kwenye fimbo kwa wino usiofutika. Aliye chini yake arudi majini, akirudishwa kwa wavu, si kwa kurushwa.

Utapata pia kambare na kamongo, hasa ukitumia nyungunyungu wengi kwenye ndoana kubwa ya 1/0 au 2/0 iliyolala chini. Kwa hao badilisha mshipi uwe wa kilo 12 au zaidi. Kambare ana miiba miwili migumu kwenye mapezi ya kifuani. Kamongo ni hatari zaidi: ana sahani za meno zinazokata mshipi, na zinakata kidole vilevile. Usitie mkono mdomoni mwake kamwe, hata ukidhani amekufa, maana anapumua hewa na anaweza kukaa nje ya maji muda mrefu akiwa hai. Kata mshipi, ndoana ni rahisi kuliko kidole. Na kama umesafiri na Mganda wa ukoo wa Mmamba, yaani ukoo wa kamongo, muulize kabla hujamweka kamongo kwenye sufuria. Kwake huyo si kitoweo.

Kambi iko sehemu mbili zinazofaa. Rwonyo iko juu kidogo, kama kilomita moja kutoka ziwani, na ngiri wanapita kati ya mahema mchana. Ya pili iko ufuoni, karibu na gati la boti, na mandhari yake hayana mfano. Ufuoni viboko wanakuja kula majani usiku, hilo si tukio, ni kawaida ya kila usiku. Wenye watoto wadogo walale Rwonyo. Uzuri wa ziwa wataupata mchana.

Ukichagua ufuoni, kwanza tembea eneo zima kabla ya kutoa hema kwenye gari. Tafuta mifereji miwili niliyoieleza na uiache mbali. Simamisha hema angalau hatua 50 kutoka majini, gari likiwa upande wa ziwa na hema nyuma yake, mlango ukitazama gari. Kaza kamba zote. Kamba iliyolegea kiboko haioni gizani, anaikanyaga na hema linamfuata. Usitandaze kamba ya kuanikia nguo. Ndani weka chandarua, maana mbu wa mafunjo ni wengi na malaria ipo. Weka pia ndoo yenye mfuniko ya haja ndogo, na hili lisikuonee aibu: asilimia kubwa ya hatari za usiku hutoka kwa mtu anayefungua zipu saa nane usiku akiwa na usingizi. Ukisikia anatafuna karibu, na utamsikia, sauti ya majani yakinyofolewa kwa midomo mipana, kaa kimya, usiwashe tochi, usichungulie. Atapita.

Moto washa mapema, kwa mkaa uliokuja nao na sigiri. Kuni za hifadhi si zako. Maji beba jerikeni moja ya lita 20 kwa watu wawili kwa usiku mmoja, kunywa, kupika na kuosha. Usioshe vyombo ziwani na usioge humo: mbali na mamba na viboko, kichocho kipo kwenye maji ya namna hii.

Samaki msafishie mbali na hema na mbali na ukingo. Matumbo yakitupwa ukingoni kila siku mahali pamoja, mamba anajifunza mahali hapo. Yafunge kwenye chombo, muulize askari pa kuyatupa. Samaki, unga, matunda, hata dawa ya meno vilale ndani ya gari lililofungwa. Harufu ya ngege kwenye hema inaita fisi usiku, na asubuhi tumbili watachana kitambaa kutafuta ndizi moja. Mpishi naye: mchanje ngege mbavuni mara tatu kila upande, chumvi na ndimu, umwache nusu saa, halafu makaa yaliyokwisha kutoa moshi, dakika kama nane kila upande kwa samaki wa nusu kilo. Makaa yenye ndimi za moto yanaunguza ngozi huku nyama ya mgongoni ikiwa mbichi.

Saa za katikati ya mchana, samaki wakiwa wamelala, panda boti pale gatini. Safari inachukua muda wa saa mbili. Vaa jaketi ya kuokolea na uifunge, usiivae begani. Furukombe utamwona bila shida, na mdiria wa rangi mbalimbali. Mwombe nahodha apite taratibu chini ya matawi yaliyoinamia maji: hapo hujificha ndege mwenye miguu myekundu-chungwa na shingo ndefu, mwoga sana, ambaye watazamaji ndege hutoka nchi za mbali kumtafuta Mburo.

Matembezi ya miguu ya asubuhi ni mazuri kwa pofu, nyamera, na twiga walioletwa kutoka Murchison mwaka 2015. Ingiza suruali ndani ya soksi, kupe ni wengi. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1983 kwenye malisho ya Wahima, sehemu yake kubwa baadaye ikarudi kwa wafugaji, na mpaka leo ng'ombe wa Ankole wanalisha mpaka kwenye mipaka yake. Jichunguze kama una kupe kwapani na nyuma ya magoti kabla ya kulala.

Asubuhi ya kuondoka, acha kuvua saa nne, si saa sita. Unahitaji muda wa kuokota mshipi. Kila kipande kilichokatika, hata cha urefu wa kiganja, kinamfunga ndege miguu, na mdiria hana mikono ya kujifungua. Ingia kwenye vichaka vya nchi kavu ulipotupia, ukivute chote, ukikate vipande vifupi, ukiweke kwenye chupa pamoja na ndoana zilizopinda. Kipande kilichonasa ndani ya mafunjo mwonyeshe askari, usikifuate majini.

Samaki unaobeba watolewe matumbo na matamvua kwanza, maana matamvua ndiyo huoza mapema. Safu ya barafu, safu ya samaki, safu ya barafu, na tundu la kutolea maji liwe wazi. Samaki wakiogelea kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka nyama inalegea kabla hujafika Masaka. Ongeza barafu hapo. Risiti ya kibali cha kuvua ikae mbele kwenye gari, si chini ya mizigo, ili ukiulizwa getini usilazimike kushusha kila kitu.